Chuma Hukombolewa, Mpira Haukombolewi: Breki za Diski Kuukuu Katika Magari ya Kale ya Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Waswahili husema ya kale ni dhahabu. Methali hii hutumiwa aghalabu kutetea mila na maarifa ya wazee, lakini katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Othaya hadi Nanyuki, Embu, Chuka na Meru, inaweza pia kutumiwa kuyatetea magari. Wangali wapo watu wanaotunza Peugeot 404, Volkswagen Beetle, Land Rover na Toyota Land Cruiser zilizoundwa katika miaka ya 1960 na 1970. Kwa baadhi yao gari la namna hiyo ni urithi wa mzazi. Kwa wengine ni chombo cha kazi ambacho bado kinabeba majani ya chai, kahawa au viazi hadi sokoni.

Hata hivyo, methali haikusema kwamba ya kale husimama upesi. Mengi ya magari haya yaliundwa kwa breki za ngoma katika magurudumu yote manne, wakati ambapo barabara zilikuwa na magari machache na mwendo ulikuwa wa polepole. Leo yanashiriki barabara moja na matatu na malori yenye breki za kisasa. Ndipo linapozuka wazo la kuyavika magurudumu ya mbele breki za diski zilizotolewa katika magari mengine yaliyovunjwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa na mahali inapoharibikia. Hoja yake kuu ni kwamba si kila kitu kilichotoka katika gari lililovunjwa kinastahili kurejea barabarani. Sehemu za chuma zinaweza kukombolewa iwapo zitapimwa. Sehemu za mpira na zile za kusuguana hazikombolewi kamwe. Tena, kinachohamishwa kutoka gari moja hadi jingine si kipande kimoja kimoja bali ni mfumo mzima.

Gari la Kale na Mteremko wa Mlima

Peugeot 404 ni mfano mwafaka wa kuanzia. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1960 na likajipatia sifa kubwa Afrika Mashariki kupitia mashindano ya Safari, ambayo lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara nyingi njia za mashindano hayo zilipitia maeneo ya Mlima Kenya, ambako matope ya msimu wa mvua za masika yaliyakwamisha magari mengi. Mwaka 1963 ni magari 7 pekee yaliyofika mwisho. Ushindi wote huo ulipatikana kabla ya 404 kuanza kuundwa kwa breki za diski za mbele. Ndugu yake mdogo, 504, aliyezinduliwa mwaka 1968, alikuja na diski za mbele tangu mwanzo. Wote wawili walitumika kwa miaka mingi kama magari ya abiria kati ya Nairobi na miji ya milimani, na jina "Pijo" likawa sehemu ya msamiati wa stendi.

Kinachofanya breki ziwe suala zito katika eneo hili ni umbo la ardhi. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ilhali Sagana uko takriban mita 1,200. Tofauti ni zaidi ya mita 500. Gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na abiria likishuka mita 500, nguvu inayoachiliwa na mteremko huo inatosha kuchemsha debe zima la maji, yaani lita 20, kutoka ubaridi wa kawaida hadi kutokota. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo, msuguano wa magurudumu na injini iliyo katika gia ndogo. Inayobaki yote hugeuzwa kuwa joto ndani ya breki. Kwenye barabara ya Embu hadi Meru, miteremko inayoelekea Daraja la Nithi imekuwa na sifa mbaya ya ajali kwa miaka mingi; mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kwa hivyo swali la jinsi breki inavyoliondoa joto si swali la wapenda magari pekee.

Ngoma na Diski: Tofauti ya Kimsingi

Breki ya ngoma ni bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vya chuma vilivyopindwa mfano wa mwezi mchanga na kuvikwa bitana ngumu. Dereva akikanyaga pedali, vipande hivyo husukumwa nje na kuikaza ngoma kutoka ndani. Muundo huu una sifa moja nzuri: mzunguko wa ngoma huvivuta vipande hivyo vijikaze zaidi, hivyo dereva hahitaji kutumia nguvu nyingi za mguu.

Kasoro yake hujitokeza mteremkoni. Joto hufungika ndani ya bakuli. Ngoma ikipata joto hutanuka na kujitenga na bitana, pedali ikazidi kushuka. Bitana nazo zikizidiwa na joto hupoteza ukali wake wa kushika. Hali hii ndiyo inayoitwa kufifia kwa breki. Aidha, gari likivuka maji, maji huingia ngomani na kukawia kutoka.

Breki ya diski hufanya kazi kwa njia tofauti. Sahani ya chuma huzunguka peupe, na kalipa, ambayo ni chuma kinachoikumbatia sahani hiyo, huibana kwa pedi pande zote mbili. Diski ikipata joto hunenepa kuelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia. Upepo huipoza na mzunguko wake huyarusha maji nje.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini lilichukua nusu karne kukubalika. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye diski lilishinda mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën ikauza gari la DS lenye diski za mbele. Magari ya kazi yalichelewa zaidi. Land Rover za Series ziliendelea na ngoma hadi zilipokoma kuundwa mwaka 1985, ilhali mrithi wake, One Ten ya mwaka 1983, alikuja na diski za mbele. Historia hii ina manufaa kwa fundi, kwa kuwa inamwonyesha mahali pa kutafuta: katika kizazi kilichofuata cha ukoo uleule.

Ukoo wa Vipuri

Kwa miongo mingi mafundi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wametegemea vyanzo viwili vya vipuri vya mtumba. Cha kwanza ni magari yaliyokufa katika nyua za gereji na mashamba ya eneo lenyewe. Cha pili ni Nairobi, hasa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, jina lake la kikoloni. Ni sadfa ya kupendeza kwamba barabara iliyobeba jina la Mlima Kenya ndiyo iliyosifika kwa kuwauzia watu wa mlimani vipuri vya magari.

Kanuni ya kwanza ya kukomboa ni ujamaa. Vipuri vinavyoingiliana bila kulazimishwa ni vile vya ukoo mmoja. Kwa 404 ya zamani yenye ngoma, chanzo kinachostahili kutafutwa kwanza ni 404 ya baadaye yenye diski. Kwa Volkswagen Beetle ya ngoma, ni Beetle za aina ya 1500 zilizoanza kupewa diski za mbele mwaka 1966, mradi muundo wa ekseli ya mbele uwe mmoja. Kwa Land Cruiser ya kale ya aina ya 40, mafundi wa nchi nyingi wamezoea kutumia sehemu za Land Cruiser ya aina ya 60, iliyozinduliwa mwaka 1980.

Ujamaa wa jina pekee hautoshi. Peugeot 504 ni ndugu wa 404, lakini haimaanishi kwamba kalipa yake itakaa katika 404 kwa kuwa tu nembo ya simba ni ileile. Fundi hana budi kulinganisha habu, beringi, mahali pa boliti za gurudumu na nafasi iliyopo kati ya kalipa na rimu. Rimu iliyotengenezewa ngoma inaweza kuikwaruza kalipa.

Kanuni ya pili ni kuchukua mkusanyiko mzima. Badala ya kununua kalipa leo na diski wiki ijayo, inafaa kuchukua kila kitu kutoka kifundo cha gurudumu hadi diski yenyewe, kulia na kushoto, kutoka gari moja, pamoja na boliti zake. Kalipa mbili zenye pistoni za vipenyo tofauti zitalivuta gari upande mmoja kila dereva anapokanyaga pedali.

Kanuni hii inakwepa pia kishawishi kikubwa cha jua kali, nacho ni kuchomelea. Kalipa isipolingana na kifundo, fundi hushawishika kukata kishikizo kutoka kwa chuma chochote kilicho karibu, mara nyingi bamba la springi ya lori kwa sababu ni gumu. Ugumu huo ndio hatari yake. Chuma cha springi kikichomelewa kwa njia ya kawaida huwa chepesi kuvunjika kando ya mchomeleo, na ufa wake hauonekani hadi siku ya breki ya ghafla. Kishikizo ndicho kinachobeba nguvu zote za kusimamisha gurudumu. Kikikatika, kalipa huzunguka na kukata paipu, na gari hubaki bila breki.

Chuma Kinachokombolewa

Baada ya vipuri kupatikana, kazi inayofuata ni kupima. Diski nyingi huwa na maandishi yaliyogongwa pembeni, MIN TH, yakifuatwa na tarakimu. Huo ndio unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Diski hupimwa kwa maikromita katika sehemu kadhaa za mzunguko wake, si ukingoni ambako pedi hazigusi. Ikiwa alama inasema milimita 20 na diski ina milimita 20.3, diski hiyo haiwezi kukerezwa ili kuondoa mikwaruzo, kwani itashuka chini ya mpaka. Diski nyembamba haina mahali pa kuhifadhi joto, na katika mteremko mrefu hufanana na sufuria nyepesi juu ya moto mkali.

Jambo la pili ni kupinda. Diski hufungwa kwenye habu yake na kuzungushwa polepole huku kipimio chenye uso kama wa saa kikiigusa. Ikiyumba kwa zaidi ya takriban milimita 0.1, dereva atahisi pedali ikitetemeka. Nyufa na mabaka ya rangi ya samawati ni dalili za joto lililopita kiasi, na diski yenye nyufa haina tiba.

Kalipa nayo hufunguliwa kabisa. Pistoni ikiwa na vishimo vya kutu mahali inapopita kwenye sili, mafuta yatavuja hata kwa sili mpya. Pistoni ya namna hiyo hubadilishwa. Mwili wa kalipa ukiwa na ufa hutupwa, hauchomelewi.

Mpira Usiokombolewa

Sili ya kalipa ni pete ndogo ya mpira inayoweza kudharauliwa kwa udogo wake. Kazi yake hata hivyo ni mbili: kuzuia mafuta yasivuje, na kuirudisha pistoni nyuma kidogo dereva anapoinua mguu. Mpira uliochoka hauirudishi pistoni. Pedi huendelea kuisugua diski, joto hupanda, na safari huanza na breki iliyokwisha kuchoka kabla ya kufika mteremkoni. Kwa sababu hiyo kalipa ya mtumba hupewa sili mpya na kifuniko kipya cha vumbi, hata kama vya zamani vinaonekana vizima.

Paipu za mpira zinazounganisha mwili wa gari na kalipa ziko katika kundi hilihili. Huzeeka kutoka ndani, zikavimba na kuziba njia ilhali nje zinang'aa. Pedi pia hununuliwa mpya. Kwa kuwa pedi na bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, vumbi la ngoma kuukuu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Mafuta ya breki nayo ni mapya daima. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali huzama hadi sakafuni. Katika miji yenye ukungu na mvua nyingi kama ile ya milimani, kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 si anasa.

Uwiano wa Mfumo

Gari lililovikwa diski nzuri linaweza bado kuwa hatari iwapo silinda kuu itabaki ileile ya ngoma. Hesabu yake ni nyepesi. Pistoni ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 48 ina eneo la takriban milimita mraba 1,810, ilhali pistoni ya silinda ya gurudumu yenye kipenyo cha milimita 25 ina takriban 490. Kila milimita inayosogezwa na pistoni ya kalipa huhitaji mafuta zaidi ya mara 3 na nusu. Silinda kuu ndogo huenda ikaishiwa na mafuta ya kusukuma kabla ya pedi kubana sawasawa.

Zaidi ya hayo, baadhi ya silinda kuu za magari ya ngoma zina vali ndogo inayobakisha shinikizo ndani ya mabomba. Kwa ngoma vali hiyo ni msaada. Kwa diski ni balaa, kwa sababu huziacha pedi zikibana bila kukanyagwa. Diski pia haina ile tabia ya kujikaza yenyewe, hivyo dereva huhitaji nguvu zaidi za mguu au sevo inayosaidiwa na mvuto wa hewa wa injini. Iwezekanapo, silinda kuu na sevo zitoke katika gari lilelile lililotoa kalipa. Na gari likiwa na silinda yenye njia moja tu ya mafuta, huu ndio wakati wa kuweka yenye njia mbili, ili paipu moja ikipasuka magurudumu mengine yabaki na breki.

Uwiano wa mbele na nyuma nao huchunguzwa. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka mkia mbele, hasa barabara ikiwa na utelezi. Jaribio la kwanza hufanywa kwa mwendo wa chini mahali tambarare pasipo na watu, wala si mteremkoni. Kisha gari hupelekwa kukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Kuna kosa jingine dogo linalopoteza siku nzima. Nipuli ya kutolea hewa lazima iwe juu ya kalipa, kwa kuwa hewa hupanda. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipuli hukaa chini, na hewa haitoki hata pedali ikanyagwe mara mia.

Lugha ya Gereji

Mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kujifunza hapa. Neno "mafuta ya breki" limezoeleka, lakini kiowevu hicho si jamii ya petroli, dizeli wala mafuta ya injini. Fundi anayelichukua jina hilo kwa maana yake ya kawaida huona hakuna ubaya kuosha sili kwa petroli au kuongeza mafuta ya injini katika kikopo cha breki. Matokeo yake ni kwamba mpira huvimba, huwa laini kama ndizi mbivu na kuharibika, na mfumo mzima hupoteza breki. Sili huoshwa kwa kiowevu cha breki chenyewe au kwa spiriti.

Huu ni mfano wa istilahi kuwa suala la uhai. Mijadala ya istilahi katika vyuo vikuu imeelekea sana kwenye isimu, fasihi na kompyuta. Gereji za Nyeri na Karatina hufundisha vijana kwa maneno ya mdomo, mseto wa Kiswahili, Kiingereza na Gikuyu, na mwongozo wa gari ukipatikana huwa wa Kiingereza au Kifaransa. Pengine "kiowevu cha breki" lingekuwa jina salama zaidi. Likubaliwe au lisikubaliwe, ni wajibu wa wanaokisomea Kiswahili kuingia katika karakana hizo, kwa kuwa humo maana ya neno hupimwa kwa umbali ambao gari linasimama.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kukomboa breki za diski kwa ajili ya gari la kale ni kazi inayowezekana katika miji ya Mlima Kenya, na kwamba ugumu wake hauko katika kuvipata vipuri bali katika kuvikataa visivyofaa. Chuma kipimwe kwanza; mpira, pedi na kiowevu vinunuliwe vipya; silinda kuu na uwiano wa breki za nyuma visisahaulike. Gharama ya sili mbili na paipu mbili mpya ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya gari lenyewe, seuze uhai wa waliomo. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari la kale anayeteremka kutoka Nyeri kuelekea Sagana hana ukuta wa kujenga. Ana mteremko wa mita 500 mbele yake, na mguu mmoja juu ya pedali.